Regulata za Zamani za Kuzamia: Kusoma Dalili Kabla ya Kushika Bisibisi

Mzamiaji aliyejifunza kwa vifaa vya leo, akiweka mdomoni regulata (kifaa kinachoshusha shinikizo la hewa ya mtungi ili iweze kuvutwa) iliyotengenezwa miaka ya 1950 au 1960, hukutana na tabia ambazo hakufundishwa. Hewa hububujika yenyewe anapogeuka chali, pumzi huwa nzito anapotazama chini, na mapovu hutoka nyuma ya shingo badala ya mbele ya uso. Huhitimisha haraka kwamba kifaa ni kibovu, hukifungua, hukaza hiki na kulegeza kile, na mwishowe hupata ubovu wa kweli ambao ameuleta yeye mwenyewe. Mwongozo huu umejengwa juu ya maswali mawili yanayopaswa kujibiwa kabla ya bisibisi kuguswa: je, kinachoonekana ni hitilafu au ni maumbile ya kifaa, na geji ya shinikizo inasema nini?

Jambo moja litangulie. Regulata ndiyo inayomtenganisha mzamiaji na kuzama, kwa hiyo yeyote asiyewahi kufundishwa kuitengeneza afanye uchunguzi wa nje tu kama unavyoelezwa hapa, kisha kazi ya ndani aipeleke kwa fundi anayelijua toleo hilo hasa. Kujua dalili kunamsaidia hata huyo asiyefungua kitu, kwa sababu fundi anayeambiwa "inaanza kuvuja mtungi ukikaribia kuisha" huanza kazi akiwa ameshapiga hatua zaidi kuliko anayeambiwa "inavuja".

Aina ya regulata iliyo mkononi

Dalili moja huwa na maana tofauti kulingana na aina ya regulata, kwa hiyo utambuzi wa aina hutangulia uchunguzi wote. Regulata za mipira miwili zina kopo la chuma linalokaa nyuma ya shingo juu ya mtungi, na mipira miwili mipana yenye mikunjo inayozunguka kichwa hadi kwenye kipande cha mdomoni: wa kulia huleta hewa, wa kushoto hupeleka pumzi iliyotumika. Baadhi yake hupunguza shinikizo la mtungi kwa hatua moja tu, kama Mistral. Nyingine hufanya hivyo kwa hatua mbili zilizomo ndani ya kopo hilohilo, kama DA Aqua-Master na Royal Aqua-Master. Regulata za mpira mmoja, ambazo ndizo mama wa zote tunazotumia leo, zina hatua ya kwanza kwenye mtungi na hatua ya pili mdomoni. Porpoise ya Ted Eldred kutoka Australia, iliyoanza kuuzwa mwaka 1952, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kufikia soko.

Tofauti ya pili ni ya ndani zaidi, nayo ndiyo inayowapotosha wengi. Hatua ya kwanza iliyosawazishwa hutoa shinikizo lilelile la kati, yaani la hewa iliyo kati ya hatua ya kwanza na ya pili, mtungi ukiwa umejaa au ukikaribia kuisha. Isiyosawazishwa hubadilika kadiri mtungi unavyopungua, na mwelekeo wa badiliko hutegemea muundo. Katika pistoni isiyosawazishwa, kama Mk2 ya Scubapro, hewa ya mtungi husukuma vali ifunguke, kwa hiyo mtungi ukipungua shinikizo la kati nalo hushuka. Katika kiwambo (utando unaosukumwa na shinikizo) kisichosawazishwa, kama cha DA Aqua-Master, hewa ya mtungi husaidia kuifunga vali, kwa hiyo mtungi ukipungua shinikizo la kati hupanda. Anayeiweka tofauti hii akilini ameshajibu nusu ya maswali yatakayofuata.

Vifaa vya uchunguzi ni vichache: geji ya shinikizo la kati, bakuli pana la maji safi, na maji ya sabuni. Regulata nyingi za mpira mmoja za miaka hiyo hufanya kazi kwenye shinikizo la kati la takribani bar 8.5 hadi 10, lakini kipimo cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha matengenezo cha toleo husika. Nyingi za mipira miwili hazina tundu la kufungia geji, hivyo upimaji wake unahitaji kiungo maalumu na mkono uliozoea.

Hewa inabubujika yenyewe

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na ndiyo yenye sababu nyingi kuliko zote, kwa hiyo inastahili kukaliwa kwa muda.

Tuanze na regulata ya mipira miwili. Mwaka 1943, Jacques-Yves Cousteau alipoingia katika mto Marne nchini Ufaransa kujaribu kifaa alichobuni pamoja na mhandisi Émile Gagnan, hewa ilipotea bure kila alipoinua kichwa juu, na pumzi ikawa nzito kila alipoinamisha kichwa chini. Waligundua kwamba sehemu ya kutolea pumzi ilikuwa imekaa mbali na kiwambo kinachopima shinikizo la maji, na umbali huo mdogo ulitosha kuleta tofauti ya shinikizo. Wakahamishia njia ya kutolea pumzi karibu kabisa na kiwambo, na tatizo likaisha. Hii ndiyo sababu mpira wa kushoto unarudi nyuma hadi kwenye kopo badala ya kuishia mdomoni. Asiyeijua sababu hii huuona kama mzigo usio na kazi, na huu ni mpangilio ninaouheshimu sana, kwa sababu kosa la siku ile ya majaribio limegeuzwa kuwa umbo zima la kifaa.

Hata hivyo, kuhamisha njia ya pumzi hakukuondoa umbali uliopo kati ya kopo mgongoni na mdomo. Kila sentimita ya maji ina uzito wake. Regulata iliyorekebishwa vizuri hufunguka kwa mvuto wa takribani sentimita 2.5 hadi 4 za maji. Mzamiaji akilala chali, mdomo wake unaweza kuwa sentimita 20 juu ya kopo, na tofauti hiyo inazidi kwa mbali nguvu inayohitajika kufungua vali, hivyo hewa itatiririka bila kuvutwa. Vivyo hivyo kipande cha mdomoni kikitoka na kuelea juu ya kichwa, kitabubujika mpaka kishushwe. Hakuna kilichoharibika. Wazamiaji wa zamani walilitegemea jambo hili: aliyepoteza kipande cha mdomoni alikiinua juu, hewa ikajisafishia njia kwa kusukuma maji nje, naye akakirudisha mdomoni kikiwa kinabubujika. Fundi anayejaribu kuondoa tabia hii kwa kukaza springi ya hatua ya pili atapata regulata inayobana mapafu katika kila mkao mwingine.

Swali la kweli, basi, ni hili: je, inabubujika wakati mdomo na kopo viko kwenye kimo kimoja? Lijibiwe kwenye maji ya kina kifupi, mzamiaji akiwa amelala ubavu. Ikiwa katika mkao huo hewa imenyamaza, tatizo ni la mkao, na dawa yake ni kushusha mtungi kwenye mikanda ili kopo likae katikati ya mabega na kugusa mgongo kadiri inavyowezekana. Sentimita chache zinazopatikana hapo zina faida kubwa kuliko marekebisho yoyote ya ndani.

Sasa tuje kwenye hitilafu halisi, iwe regulata ni ya mpira mmoja au miwili. Kuna jaribio rahisi lisilohitaji hata geji. Fungua mtungi polepole, kisha sikiliza. Ikiwa hewa inavuja tangu sekunde ya kwanza bila kubadilika, elekea hatua ya pili. Ikiwa panakuwa na kimya kwanza, kisha mlio mdogo unaanza baada ya sekunde kadhaa, ukivuta pumzi moja unanyamaza, halafu unarudi tena, kosa liko hatua ya kwanza: kitako cha vali ya shinikizo kubwa, yaani kiziba chake laini, hakifungi sawasawa, hewa inapenya kidogokidogo, shinikizo la kati linapanda, na hatua ya pili inasukumwa kufunguka. Geji itathibitisha kwa kuonyesha sindano inayotambaa kwenda juu bila kutulia. Niliwahi kutumia jioni mbili nikirekebisha hatua ya pili ya regulata ambayo haikuwa na kosa lolote, kwa sababu sikupima shinikizo la kati kwanza. Tangu siku hiyo geji hutangulia kila kitu kwenye meza yangu.

Sindano inayotambaa ina sababu tatu za kawaida. Ya kwanza ni kitako chenyewe kuchimbika. Kitako kilichokaa miaka mingi kikiwa kimegandamizwa hubaki na alama ya duara ambayo haifungi tena hata ikisafishwa. Ya pili ni uchafu au chumvi kati ya kitako na ukingo wa chuma unaokigusa. Ya tatu, ambayo ndiyo mbaya zaidi, ni ukingo huo wenyewe kuwa na mkwaruzo au pengo, kwa kuwa kitako hubadilishwa kwa urahisi lakini ukingo ukiharibika mara nyingi sehemu nzima hubidi itafutwe, na baadhi ya sehemu hizo hazitengenezwi tena. Kwa sababu hiyo, asiwepo mtu wa kuchokoa kitako cha zamani kwa ncha ya chuma. Kijiti cha plastiki au cha mbao hufanya kazi hiyo bila kuacha kovu.

Ikiwa geji imetulia na bado hewa inavuja, kosa ni la hatua ya pili. Toa kifuniko na kiwambo chake, kisha sikiliza tena. Uvujaji ukikoma, basi wenzo unaofungua vali umekaa juu mno na unasukumwa na kiwambo, au kifuniko kimebonyea kwa kuangushwa, jambo la kawaida kwenye vifaa vya chuma chembamba. Usipokoma, kitako kidogo cha hatua ya pili kimechimbika au springi imechoka.

Wakati uvujaji unapoanza nao husema mengi. Ukianza mtungi ukikaribia kuisha kwenye regulata ya kiwambo kisichosawazishwa, yaelekea mtu alirekebisha shinikizo la kati akiwa na mtungi uliojaa, bila kukumbuka kwamba litapanda baadaye. Regulata za namna hiyo hurekebishwa kwa mtungi wenye hewa kidogo, kisha huhakikiwa kwa uliojaa. Ukitokea mtungi ukiwa umejaa na kupotea baada ya muda, na regulata ni ya pistoni isiyosawazishwa, basi shinikizo lake liko juu kidogo kuliko hatua ya pili inavyoweza kustahimili.

Kuna aina moja ambayo haivuji hata hatua ya kwanza ikiharibika, na kwa hiyo inahitaji tahadhari ya pekee. Baadhi ya hatua za pili za zamani zina vali inayofungwa na shinikizo badala ya kufunguliwa nalo. Kadiri shinikizo la kati linavyopanda ndivyo vali inavyojifunga kwa nguvu zaidi. Hapo dalili ya kitako kibovu ni pumzi inayozidi kuwa ngumu, ilhali shinikizo linakusanyika ndani ya mpira mpaka upasuke. Regulata ya aina hii lazima iwe na vali ya usalama ya kutoa shinikizo lililozidi, na vali hiyo ipimwe. Isiyo nayo ibaki kabatini.

Mwisho, kuna ububujikaji unaotokea hatua ya pili ya mpira mmoja inapotoka mdomoni na kutazama juu, au inapobonyezwa kitufe cha kusafishia. Mkondo wa hewa wenyewe huvuta kiwambo chini na kukishikilia. Ukielekeza kipande cha mdomoni chini au kukiziba kwa kidole gumba, ukakoma, hilo ni umbile. Vifaa vyenye mvuto laini ndivyo hufanya hivyo zaidi.

Pumzi ni nzito

Hapa tena mkao huja kwanza. Anayeogelea akitazama chini na regulata ya mipira miwili mgongoni huvuta hewa kutoka juu ya mdomo wake, kwa hiyo hulipa sentimita zilezile za maji, safari hii kwa kuongezewa kazi. Akigeuka ubavu na pumzi ikawa nyepesi, regulata haina kosa.

Ikiwa uzito haubadiliki kwa mkao, angalia kwanza kama vali ya mtungi imefunguliwa hadi mwisho. Kisha angalia geji ya mtungi huku ukivuta pumzi kwa nguvu: sindano ikicheza na kushuka katika kila mvuto, njia imeziba kabla ya geji, iwe ni kwenye vali ya mtungi au kwenye chujio. Chujio dogo la chembe za shaba zilizoshikanishwa, lililoko mahali hewa inapoingilia, ni shahidi mkweli sana. Likiwa la kijani, maji ya chumvi yaliwahi kuingia ndani na shaba imeanza kuliwa, hivyo sehemu zote za ndani zinahitaji kukaguliwa. Likiwa na vumbi la kahawia au jekundu, kutu ya mtungi wa chuma imefika hapo, na anayestahili kukaguliwa kwanza ni mtungi. Likiwa jeusi, hewa iliyojazwa ilibeba mafuta au vumbi la mkaa kutoka kwenye kompresa, na hakuna sababu ya kuendelea kupumua hewa kutoka mahali hapo. Chujio lililobadilika rangi hubadilishwa. Kulisafisha hakurudishi vitundu vyake vyote.

Pumzi inayozidi kuwa nzito kadiri mtungi unavyopungua ni tabia ya pistoni isiyosawazishwa, nayo ikizidi kiasi humaanisha shinikizo la kati lilianzia chini mno. Lakini pumzi inayokuwa nzito ghafla, kwenye mtungi wa zamani wenye vali ya akiba, ina maana nyingine kabisa. Vali hiyo, maarufu kwa jina la vali ya J, ina springi inayozuia hewa shinikizo likishuka hadi takribani bar 20 hadi 35, ili mzamiaji ahisi ugumu, avute kijiti cha pembeni na kuifungulia akiba iliyobaki kabla ya kupanda juu. Kijiti hicho kikiguswa bila kujua na kushuka mapema, akiba itatumika kimyakimya na onyo halitakuja kamwe. Geji ya mtungi ndiyo ya kutegemewa leo; vali ya J ichukuliwe kama kifaa cha kihistoria hata kama inafanya kazi.

Wenzo uliokaa chini mno katika hatua ya pili huacha nafasi tupu kabla ya vali kuguswa: unabonyeza kitufe na kuhisi kinaelea kwanza. Kiwambo cha zamani kilichokakamaa nacho huleta uzito, kwa kuwa raba iliyokauka haikunjiki kwa mvuto mdogo. Kibonyeze kwa kidole; kama kinatoa sauti au kinaonyesha nyufa kwenye mkunjo, muda wake umekwisha. Viwambo vipya vya silikoni hupatikana kwa matoleo mengi yaliyopendwa, na kwa maoni yangu hakuna badiliko jingine linalofufua regulata ya mipira miwili kwa kiasi kama hicho.

Na ikiwa hewa haivutiki kabisa kwenye regulata ya mipira miwili, wakati mtungi umejaa na umefunguliwa? Angalia kipande cha mdomoni. Vile vya baadaye vina vali mbili ndogo za njia moja, moja ya kuruhusu hewa iingie na nyingine ya kuruhusu itoke. Kipande kikifungwa kikiwa kimegeuzwa, vali zote mbili hutazama upande usiofaa. Kosa hili hutokea mara tu baada ya kubadilisha mipira, nalo hugunduliwa kwa kupumua mara moja ukiwa nchi kavu.

Maji yanaingia mdomoni

Jaribio la msingi hufanyika mtungi ukiwa haupo. Ziba mahali hewa inapoingilia kwa kifuniko chake, weka kipande mdomoni, vuta taratibu kisha ushikilie. Mvuto ukibaki bila kupungua, hakuna njia ya maji. Ukilegea, ipo njia, na ipo katika mojawapo ya sehemu chache.

Kwenye regulata ya mpira mmoja, anza na kipande cha mdomoni chenyewe, hasa chini ya kamba inayokifunga, kwa sababu meno hutoboa raba mahali ambapo jicho halifiki. Halafu angalia vali ya kutolea pumzi, ambayo ni kisahani cha raba kilicho kama uyoga: ukingo wake ukiwa umejikunja, au punje ya mchanga ikiwa imekaa chini yake, maji yataingia kidogo kila unapovuta. Kisha kiwambo, ukikitazama dhidi ya mwanga. Baada ya hapo ni kasha. Makasha ya chuma yaliyoangushwa hupoteza mduara wake na kiwambo hakikai sawasawa.

Kwenye ya mipira miwili, upande maji yanakotokea ndio unaoelekeza. Yakija na mkondo wa kuvuta, chunguza kiwambo kikubwa na mpira wa kulia. Yakijikusanya upande wa kushoto, chunguza mpira huo na vali ya raba iliyobapa kama mdomo wa bata iliyomo ndani ya kopo. Mdomo huo, ukiwa wa raba asilia na umekaa miaka bila kutumika, hugandana midomo yake na kufanya kutoa pumzi kuwe kugumu, au hupasuka na kuruhusu maji kurudi. Mipira ivutwe taratibu na kutazamwa ndani ya kila mkunjo, lakini isikunjwe kwa nguvu ili "kujaribiwa", maana raba ya umri huo hupasuka kwa jaribio lenyewe.

Kiasi kidogo cha maji kwenye mipira, hasa isiyo na vali mdomoni, si kosa. Kipande kikitoka mdomoni, maji huingia, na kuyatoa ni ustadi wa mzamiaji: hulala kwa bega la kushoto chini, maji yakakusanyika kwenye mpira wa kutolea, kisha hupuliza kwa nguvu. Ustadi huu ufanyiwe mazoezi mpaka mwili uuzoee.

Mapovu kwenye hatua ya kwanza

Tumbukiza hatua ya kwanza majini ikiwa na shinikizo. Mapovu kati ya kibano (kinachoishikiza regulata kwenye mtungi) na mtungi ni oringi, yaani pete ya raba ya kuzibia, ya mtungi, na huo ndio mwisho wa uchunguzi. Mapovu kutoka kwenye vitundu vinavyoingiza maji kwenye hatua ya pistoni, huku geji ikiwa imetulia, yanaonyesha oringi ya pistoni, iwe ya kichwa au ya shina. Yakitoka kwenye skrubu ya kurekebishia ya hatua ya kiwambo, kiwambo kimechoka au pete inayokibana imelegea. Oringi hubadilishwa kwa kipimo na ugumu uleule, na hupakwa grisi ya silikoni kidogo tu. Mafuta ya petroli hayana nafasi kwenye kifaa cha kupumulia. Kutu ya kijani na chumvi huondolewa kwa siki iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, kisha kila sehemu husuuzwa, kwani siki ikikaa sana huanza kushambulia shaba mahali ambapo kromu imebanduka.

Hatari moja ya matundu haina dalili yoyote mpaka iwe imechelewa. Katika hatua za kwanza za leo, tundu la shinikizo kubwa lina hesi (mizunguko ya skrubu) ya inchi 7/16, pana kuliko ya matundu ya shinikizo la kati ambayo ni ya inchi 3/8, na kwa hiyo mpira wa hatua ya pili hauwezi kufungwa kimakosa mahali pa geji. Katika baadhi ya hatua za kwanza za zamani, matundu yote yana hesi ya inchi 3/8. Mpira uliotengenezwa kwa bar 10 ukifungwa kwenye tundu lenye bar 200 utapasuka mara mtungi unapofunguliwa. Soma alama iliyochongwa kando ya kila tundu, na kama imefutika, fungua mtungi polepole ukiwa na geji ya mtungi pekee mpaka ujue tundu lipi ni lipi.

Harufu, ladha na kichwa kuuma

Ladha ya raba kwenye mipira ya zamani hupungua kwa kuoshwa, lakini chembe nyeusi ulimini ni ishara kwamba mpira unaoza kutoka ndani, na hapo hakuna kuosha. Harufu ya uvundo hutoka kwenye ukungu, ambao lazima uondolewe kabisa kabla ya mtu kuvuta pumzi kupitia humo. Kichwa kinachouma baada ya kuzamia kwa mipira miwili isiyo na vali mdomoni kichukuliwe kwa uzito: sehemu ya hewa iliyotumika hubaki kwenye mipira na kuvutwa tena, hasa kwa mtu anayepumua kwa pumzi fupifupi. Kipande cha mdomoni chenye vali za njia moja hupunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa, na ni badiliko ninalolipendekeza hata kwa wale wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani.

Kibano, mtungi na vifaa vinavyokosekana

Mitungi ya enzi za regulata hizi ilijazwa hadi takribani bar 155 au 170. Mingi ya leo hufika bar 200 na zaidi. Kibano chembamba cha zamani kinaweza kukosa kuingia kwenye vali za sasa ambazo ni nene zaidi, na kikiingia kwa kulazimishwa hukaa upande, oringi ikang'oka. Kisipanuliwe kwa kusuguliwa na tupa, kwa sababu chuma kinachoondolewa ndicho kinachobeba mzigo. Kibano imara zaidi cha toleo la baadaye, au kiungo cha kuskrubu ndani ya vali, ndiyo njia sahihi panapopatikana kinacholingana. Regulata hizi zibaki kwa hewa ya kawaida. Mchanganyiko wenye oksijeni nyingi ni kwa vifaa vilivyotengenezwa na kusafishwa kwa kusudi hilo.

Nyingi hazina mahali pa kufungia geji ya mtungi, chanzo cha pili cha hewa wala mpira wa kujazia koti la kuelea. Suluhisho ninaloliona salama kuliko yote ni mtungi wenye vali ya matokeo mawili, yaani sehemu mbili za kutolea hewa: regulata ya zamani hukaa kwenye tokeo moja, na hatua ya kwanza ya kisasa hukaa kwenye la pili ikiwa na geji, chanzo cha pili na mpira wa koti. Kwa namna hiyo kifaa cha zamani hakiguswi hata kidogo, na mwenzako akiishiwa hewa unampa kitu anachokijua. Kugawana kipande cha regulata ya mipira miwili kunahitaji mazoezi ya watu wawili pamoja, na mtu aliye katika taharuki hawezi kuanza kujifunza hapo.

Regulata iliyokwisha kutengenezwa ianze kwenye bwawa au maji ya kina cha mita mbili au tatu, kwa mikao yote: tumbo chini, chali, ubavu wa kila upande, kichwa juu na kichwa chini. Kipande kitolewe mdomoni na kurudishwa mara kadhaa. Ikirudi mezani, shinikizo la kati lipimwe upya na liachwe likiwa na geji kwa dakika kadhaa, kwa sababu kitako kipya hujichongea alama yake ndogo katika matumizi ya mwanzo na namba iliyowekwa siku ya matengenezo hubadilika kidogo. Ifunguliwe na kufungwa mara nyingi, irekebishwe mara ya mwisho, na namba hiyo iandikwe pamoja na tarehe na kiasi cha hewa kilichokuwamo mtungini wakati wa kupima.